Rasmussen Watatu wa Denmark, na Mmoja wa Barafuni

Kuanzia tarehe 25 Januari 1993 hadi mwanzoni mwa Oktoba 2011, Denmark iliongozwa na mawaziri wakuu watatu waliopokezana mmoja baada ya mwingine, na wote watatu waliitwa Rasmussen. Wa kwanza alikuwa Poul Nyrup Rasmussen wa chama cha Social Democrats, cha mrengo wa kushoto, aliyekaa madarakani hadi Novemba 2001. Wa pili, Anders Fogh Rasmussen wa chama cha Venstre, cha mrengo wa kulia, alimshinda huyo wa kwanza katika uchaguzi na kutawala hadi Aprili 2009, alipoondoka kwenda kuwa Katibu Mkuu wa NATO. Wa tatu, Lars Løkke Rasmussen, pia wa Venstre, alirithi kiti hicho, akakipoteza mwaka 2011 kwa Helle Thorning-Schmidt, mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi hiyo, kisha akakirudia kuanzia 2015 hadi 2019.

Msomaji wa mbali akiyaona majina haya hudhani kwamba ni baba, mwana na mjukuu, au walau watu wa ukoo mmoja wenye mizizi katika siasa. Sivyo. Hakuna udugu wa damu kati yao. Nimesoma habari nyingi za kimataifa zinazoandika "Rasmussen" peke yake, na naona hilo ni kosa linalostahili kusahihishwa, kwa sababu linamnyima kila mmoja wao sifa zake na kumtwisha lawama za mwenzake. Wadenmark wenyewe hawafanyi hivyo. Magazetini na mitaani wanasema Nyrup, Fogh na Løkke, yaani wanatumia jina la kati, ambalo mara nyingi hutoka upande wa mama, kama lilivyo jina la Fogh.

Wingi huu wa majina yanayofanana una chanzo kinachojulikana. Kwa karne nyingi watu wa kawaida nchini Denmark hawakuwa na jina la ukoo. Mwana wa Rasmus aliitwa Rasmussen na binti yake Rasmusdatter, na kama huyo mwana aliitwa Jens, basi watoto wake waliitwa Jensen na Jensdatter, na jina la babu likaishia hapo. Kwa sisi tuliozoea kina Juma bin Ali na Ali bin Hamadi, utaratibu huo hauhitaji maelezo marefu. Mwaka 1828 serikali iliagiza kwamba kila mtoto anayebatizwa aandikishwe pamoja na jina la ukoo atakalodumu nalo, na katika miongo iliyofuata majina ya baba yaligandishwa: aliyekuwa Rasmussen wakati huo aliwaachia jina hilo watoto, wajukuu na vitukuu, wakiwamo wanawake, ingawa hakuna tena Rasmus yeyote nyumbani. Kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache, maelfu ya familia zisizojuana zilijikuta na jina moja. Sheria ya mwaka 1904 ilirahisisha kubadili jina, na wengi walichukua majina ya mashamba au ya vijiji vyao, lakini hadi leo Nielsen, Jensen na Hansen ndiyo yanayoongoza katika nchi nzima.

Kwa maoni yangu, kinachowaunganisha mawaziri wakuu hawa watatu kwa nguvu zaidi kuliko jina ni mpango mmoja wa mafao unaoitwa efterløn. Ulianzishwa mwaka 1979 ili mfanyakazi aliyechoka, hasa wa kazi ngumu za mikono, aweze kuacha kazi akiwa na umri wa miaka 60 na kulipwa hadi afikie umri wa pensheni ya uzeeni. Fundi mwashi au mfanyakazi wa machinjio aliyeanza kazi akiwa kijana mdogo aliuona mpango huo kuwa haki aliyoichuma kwa mgongo wake, na hivyo ndivyo nami ninavyouona. Kabla ya uchaguzi wa Machi 1998 Nyrup aliwahakikishia wapiga kura kwamba mpango huo hautadhoofishwa. Upande wake ulishinda kwa viti 90 vya bunge dhidi ya 89, na kiti cha Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme wa Denmark, ndicho kilichoamua. Mwaka huohuo, kabla majira ya baridi hayajakolea, serikali yake ilikubaliana na wapinzani kuubana mpango huo kwa kuweka michango maalumu na kupunguza manufaa ya kustaafu mapema. Mabadiliko hayo yalikuwa na hoja zake za kiuchumi, kwa kuwa wazee walikuwa wakiongezeka na vijana wakipungua, lakini neno lilikuwa limekwisha kutolewa. Imani ya wafanyakazi wengi kwa Nyrup haikurudi tena, na mwaka 2001 aliondolewa na Fogh.

Fogh alikuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 2006 alipata makubaliano mapana bungeni ya kupandisha umri wa efterløn kutoka miaka 60 hadi 62, lakini mabadiliko hayo yalipangwa kuanza mwaka 2019, mbali kabisa na uchaguzi wowote ambao angeugombea yeye. Løkke hakuwa na subira hiyo. Katika hotuba yake ya mwaka mpya ya tarehe 1 Januari 2011, nchi ikiwa bado inaugulia msukosuko wa fedha duniani, alitangaza kwamba anataka mpango huo ufutwe. Baada ya mazungumzo na vyama vingine haukufutwa, ila ulifupishwa kutoka miaka mitano ya malipo hadi mitatu, na ratiba ya 2006 ikaharakishwa. Septemba mwaka huo alishindwa uchaguzi. Yaani mpango mmoja ulipita katika mikono ya Rasmussen watatu wa vyama viwili vinavyopingana, na kila mmoja aliukata kipande.

Yupo Rasmussen wa nne, si waziri mkuu bali mvumbuzi wa nchi za barafu, aliyewatangulia wote, na kumwacha nje kungekuwa dhuluma, kwa kuwa mimi humwona kuwa mkubwa wao. Knud Rasmussen alizaliwa mwaka 1879 huko Ilulissat, pwani ya magharibi ya Greenland, kisiwa kikubwa cha barafu kilichokuwa koloni la Denmark, akiwa na damu ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa nchi za baridi kali za kaskazini, upande wa mama, na alikua akizungumza Kigreenland na kuendesha sleji za mbwa, yaani magari ya kuteleza juu ya theluji, tangu utotoni. Mwaka 1910 yeye na mvumbuzi mwenzake Peter Freuchen walianzisha kituo cha biashara kaskazini kabisa mwa kisiwa hicho, wakakiita Thule, na faida ya kituo ikagharimia safari zake za uchunguzi. Katika safari ya tano, iliyofanyika kati ya 1921 na 1924, alivuka kaskazini mwa Amerika kwa sleji kutoka Ghuba ya Hudson hadi Alaska, akikusanya simulizi, nyimbo na imani za Wainuiti njia nzima. Katika sehemu ndefu ya safari hiyo alifuatana na Wagreenland wawili, Qaavigarsuaq na Arnarulunnguaq. Arnarulunnguaq alikuwa mwanamke, na yeye ndiye aliyeshona na kutengeneza mavazi na viatu vya ngozi, vitu ambavyo vikichanika katika baridi ile mtu hupoteza kwanza vidole na baadaye uhai. Jina la Rasmussen limeandikwa vitabuni; hilo la Arnarulunnguaq halitajwi inavyostahili, na kila ninapoandika kuhusu Knud nitaliandika.

Hapo Thule ndipo majina haya yanapokutana tena. Mwaka 1951 Marekani, kwa mkataba na Denmark, ilianza kujenga kambi kubwa ya ndege za kivita karibu na kituo hicho cha Knud. Mei 1953, siku chache kabla katiba mpya ya Denmark haijaifanya Greenland kuwa sehemu kamili ya ufalme badala ya koloni, wenyeji wa hapo, Wainughuit, walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa kaskazini zaidi, Qaanaaq. Walipewa muda mfupi mno wa kufungasha, na waliacha nyumba, makaburi na maeneo yao ya uwindaji. Walidai haki yao kwa miongo mingi. Agosti 1999 mahakama ilikubali kwamba walitendewa isivyo halali na ikawapa fidia, ambayo naiona ndogo mno: kroni 500,000 kwa jamii nzima, na kroni 15,000 au 25,000 kwa mtu mmojammoja. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo Nyrup, kwa niaba ya taifa la Denmark, aliwaomba radhi. Hilo nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo bora aliyoyafanya.

Løkke naye hakuepuka Greenland. Desemba 2022 alirudi serikalini kama waziri wa mambo ya nje, safari hii akiwa na chama kipya alichokiasisi mwenyewe, Moderaterne. Machi 2025, Makamu wa Rais wa Marekani JD Vance alipoitembelea kambi ile, ambayo sasa inaitwa Pituffik, na kuilaumu Denmark kwamba haijawekeza vya kutosha katika usalama wa kisiwa, Løkke alijibu kwa video. Alisema kwamba Denmark inakubali kukosolewa lakini haifurahishwi na namna maneno hayo yalivyotolewa, kisha akakumbusha kwamba mwaka 1945 Marekani ilikuwa na vituo 17 vya kijeshi Greenland, na sasa imebaki na kimoja chenye askari wapatao 200, na kwamba mkataba wa mwaka 1951 bado unaipa nafasi ya kuongeza ikitaka. Kituo hicho kimoja kilichobaki ndicho kile kilichojengwa jirani na duka la Knud.