Boksi Liliandikwa 1200, Chumbani Nikapata 31

Ruta, yaani kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, niliyoinunua mwaka jana ilikuwa na maandishi makubwa kwenye boksi lake: AC1200. Kifurushi changu cha intaneti ya faiba ni cha megabiti 200 kwa sekunde, kwa hiyo niliamini kwamba chombo cha 1200 kingezipitisha hizo 200 bila taabu. Chumbani kwangu, katika nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, Mombasa, kipimo kilisoma 31.

Nilimlaumu mtoa huduma. Fundi wake alikuja, akachomeka kompyuta yake kwenye kisanduku cha faiba ukutani, ikasoma 200. "Mzee, faiba yako ni nzima," akaniambia. "Kinachopotea kinapotelea humu ndani." Maneno hayo yaliniuma, lakini tangu hapo niliacha kukisia, nikaanza kupima kipande kwa kipande.

Niliunganisha kompyuta yangu na ruta kwa waya, ikasoma 94. Nikarudia asubuhi, mchana na usiku wa manane: 94. Kasi inayopunguzwa na msongamano hupanda na kushuka, ila hii ilikuwa imegota. Nikauchomoa waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba kuja kwenye ruta, nikaigeuza plagi yake ya plastiki kwenye mwanga wa dirisha na kuhesabu nyuzi za ndani. Zilikuwa nne, ilhali zinatakiwa nane. Katika vifaa hivi, waya wa nyuzi nne hukomea megabiti 100, na sehemu ya hizo huliwa na anwani zinazobandikwa kwenye kila furushi la data. Nilinunua waya wa nyuzi nane, kasi ikafika 196.

Ikabaki waifai. Ile 1200 ni jumla ya megabiti 300 za masafa (mawimbi ya redio) ya gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, kisha ikaongezwa kidogo ili itimie. Nayo kompyuta yangu hutumia masafa ya aina moja tu kwa wakati. Hata hiyo 867 ni kasi ya hewani, karibu na ruta na pasipo kikwazo, katika hewa ambayo vyombo vyote vya nyumbani huitumia kwa zamu, huku mtumaji akisubiri kila mara kujibiwa kwamba data imepokewa. Naona ni haki ya mnunuzi kuandikiwa hayo kwenye boksi. Kuta zetu nene za mawe ya matumbawe huyadhoofisha mno mawimbi ya gigahezi 5, na kompyuta ikiyakosa hukimbilia 2.4, ambako ruta za majirani zimeshasongamana.

Niliitoa ruta nyuma ya televisheni nikaitundika juu ukumbini, na chumbani kipimo kikapanda hadi 70. Mwishowe nilipitisha waya pembeni mwa ngazi, nikaweka ruta ya pili chumbani. Sasa binti yangu akipakua video za masomo yake humo, skrini humwonyesha megabaiti 23 kwa sekunde, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ukizizidisha kwa nane unapata megabiti 184.