Kumbukumbu ya mradi: kompresheni ya 1NZ-FE, silinda namba 3

Siku ya 1: kupima pakavu (bila kuongeza oili)

Gari ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, inayotetemeka ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyaga mafuta). Plagi na koili zimeshabadilishwa, mtetemo uko palepale. Kabla mtu hajataja kufungua hedi (kichwa cha injini chenye valvu), ipimwe kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda.

Injini ilichemshwa hadi joto la kazi, ikaachwa dakika kumi, maana hedi ni aluminiamu na nyuzi za plagi huliwa kirahisi ikiwa ya moto sana. Visima vya plagi vilipulizwa upepo kabla ya kufungua. Gari lililotoka Newala au Masasi lina mchanga humo, na ukifungua tu, unamwagikia kwenye silinda. Konekta za koili zilichomolewa (za huku Mikindani na pwani nzima huwa na kutu ya chumvi, vuta taratibu), na za nozeli za petroli pia. Ukiacha nozeli zinapuliza, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, namba inashuka, na mvuke wake ni moto unaosubiri cheche.

Plagi zote nne nje. Throto (mlango wa hewa ya injini) wazi kabisa, mtu mmoja akanyage pedali hadi chini. Betri iwe imejaa, stata ikichoka namba zote zinadanganya. Mapigo manane kila silinda, yasizidi wala kupungua.

Geji nayo iangaliwe. Ikishaharibika ile valvu ndogo kwenye ncha ya mpira, mafundi wengi huweka ya tairi. Springi ya tairi ni ngumu zaidi, kwa hiyo geji husoma chini.

Matokeo kwa psi, namba 1 ikiwa upande wa cheni: 195, 190, 130, 192.

Kiwanda kinataka 213, chini kabisa 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Silinda 1, 2 na 4 hazina tatizo hata kama hazifiki 213, injini imetembea. Tatizo ni pengo la namba 3. Mtwara tuko usawa wa bahari, hivyo hatuna kisingizio cha mwinuko. Gari hilohilo likipimwa Songea lingesoma chini kwa zaidi ya asilimia kumi bila ugonjwa wowote, kwa hiyo karatasi ya vipimo vya kule isilinganishwe na ya hapa.

Pigo la kwanza ndilo lenye habari nyingi, lakini wengi hawaliandiki. Silinda namba 1 ilirukia 110 hapohapo. Namba 3 ilianza 60 ikapanda kwa kusuasua. Ringi za pistoni zilizochoka huanza chini kisha hujikusanya pigo kwa pigo; valvu inayovuja huanza chini na hubaki chini. Hapa hali ilikuwa katikati, haikutosha kuamua.

Siku ya 2: kupima na oili

Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kwa bomba la sindano, kila silinda. Zote nne, siyo mbovu peke yake. Sababu ni hesabu: chumba cha kuunguzia cha injini hii ni kama sisi (cc) 39 tu, kwa hiyo hata mililita 5 zinakipunguza na kupandisha namba ya silinda nzima kabisa. Anayemimina kijiko cha chakula kwenye silinda moja kisha akatangaza "ringi zimekufa" amepima ujazo wa oili yake.

Matokeo: 214, 209, 141, 212. Namba 3 imepanda 11 tu, nyingine zimepanda 19 au 20. Ringi zingekuwa zimechoka, oili ingeziba na namba 3 ingepanda kuliko nyingine, kwa hiyo ringi hazina kesi. Jirani zake 2 na 4 ziko juu, kwa hiyo gasketi ya hedi haijakatika kati ya silinda mbili.

Siku ya 3: upepo

Namba 3 iliwekwa juu kabisa kwenye pigo la kubana, valvu zote zimefungwa, krenki ikashikiliwa kwa soketi ya 19 isizunguke. Upepo wa kompresa ukaingizwa kwenye tundu la plagi. Kwenye tundu la kujazia oili, kimya. Rejeta haina mapovu. Kwenye throto, kimya. Kwenye eksozi, mluzi. Ni valvu ya kutolea moshi.

Hedi bado haijafunguliwa. Kifuniko cha juu kilitolewa, injini ikiwa baridi, fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ikapitishwa kati ya kamshafti, mhimili unaosukuma valvu, na tapeti, kikombe kinachokaa juu ya valvu: valvu moja ya eksozi ya namba 3 ina nafasi ya 0.10 mm, inapotakiwa 0.25 hadi 0.35. Injini ikipata moto nafasi hiyo ndogo huweza kuisha, valvu isifunge sawasawa.

1NZ-FE haina shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi hiyo). Hubadilishwa tapeti nzima. Iliyokuwepo ni 5.38 mm. Hesabu, tukilenga 0.30 ya katikati: 5.38 + (0.10 − 0.30) = 5.18. Kamshafti ya eksozi lazima itoke, hivyo weka alama kwenye cheni na gia kabla ya kulegeza tenshena (kikaza cheni). Cheni ikiruka meno, valvu huweza kugonga pistoni.

Siku ya 6: baada ya tapeti

Pakavu: 196, 190, 178, 193. Sailensa imetulia karibu kabisa. Lakini pengo la 18 bado linazidi 14, na mluzi kwenye eksozi upo, mdogo. Uso wa valvu umeungua kidogo kwa kuvuja muda mrefu. Litembee kilomita 500 kwa safari kadhaa za kwenda na kurudi Lindi, kisha lipimwe tena kwa geji ileile. Likibaki chini ya 180, hedi inatoka na valvu zinasagwa.