Baba na ng'ombe wake wa Rongai

Leo tunamkumbuka Baba, mfugaji wa Rongai, kaunti ya Nakuru. Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa ameshazunguka zizi lote, akiangalia pua, masikio na mavi ya kila ng'ombe. Ng'ombe asiyecheua alimtambua kwa mbali.

Adui wake mkuu alikuwa ugonjwa wa ndigana kali. Huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni: tezi chini ya sikio huvimba, joto hupita nyuzi 40, mwishowe mapafu hujaa maji. Kwa hiyo alipulizia dawa kila wiki, siku isiyo na mvua, mchanganyiko usiopungua lita 5 kwa ng'ombe mzima. Alianzia ndani ya masikio, akashuka kwapani na kwenye kiwele, akamalizia chini ya mkia. Wengi hulowesha mgongo tu, na kupe wanabaki walikojificha. Wala hakukubali dawa iongezwe maji ili itoshe kundi. Kupe wanaonusurika huzaa kupe sugu.

Ndama alipozaliwa, alihakikisha amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa 6 za kwanza, maana baadaye utumbo haupokei kinga vizuri. Kitovu alikipaka ayodini mwenyewe, hata usiku wa manane, Mama akimshikia tochi.

Karo zetu zote zilitoka kwenye zizi hilo. Jumapili hakwenda mnadani. Ilikuwa siku ya wajukuu.

Pumzika, Mzee wetu. Mitamba wako tunawapulizia dawa kila Jumamosi.