Spana namba 13

Jumamosi binti yangu wa kati, yule wa maswali, alitangaza kwamba stoo ya baba ni aibu ya familia na leo ndo leo. Mama yake kamletea kutoka Kariakoo kale kamashine ka kuprinti lebo, kanaunganishwa na simu, unaandika neno kanatema stika, pamoja na vindoo vya plastiki vinavyoonyesha ndani, kumi na viwili na mifuniko yake. Mi nikavuta kigoda nikakaa mlangoni, kazi yangu kujibu tu. Hizi nini baba? Misumari ya inchi tatu. Hizi? Misumari ya bati. Na hizi? Skrubu za jipsamu. Trrr, stika inatoka, anabandika, anaipiga kofi, inayofuata. Raha kweli, nikasema kumbe kuzaa kuna faida.

Mpaka akafika nyuma kabisa ya shelfu, akatoa kopo la Africafe lililoliwa na kutu, ile picha yake unaitambua tu kwa sababu umekua nayo. Ubavuni lina karatasi ya daftari imekuwa rangi ya chai, na maandishi mekundu. Akalitikisa sikioni.

"Baba, hili limeshaandikwa namba 13. Nibandike hiyo hiyo?"

Nikamwambia aliache kwanza. Akauliza kwa nini. Nikasema liache tu. Sasa huyu mtoto ukimwambia acha bila sababu umemwambia endelea.

Ile karatasi niliiandika mimi. Desemba 1993, nimetoka kumaliza mitihani ya darasa la sita, nina maka peni nyekundu niliyoipata kwa njia ambazo sitaki kuzizungumzia, na mzee kaenda msibani Muheza, siku tatu.

Mzee alikuwa fundi mitambo shambani, mkonge, miaka mingi tu, anatengeneza matrekta na Landrova za wakubwa na ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, inaitwa korona, ndiyo, jina hilo hilo, watu wa Tanga tulilijua kabla yenu. Mkonge ulipolala wakapunguzwa kazi. Wenzake walikuja mjini kufuatilia mafao, yeye alikuja Ngamiani na makopo. Sitanii, kapakia kwenye toroli makopo ya bolti na nati na washa, jiriwa moja, na visanduku viwili vya spana, akafungua gereji uani kwetu. Magari yanalala nje barabarani, vyuma vinalala ndani na sisi. Mama alikuwa anasema amezaa na mwanamme mmoja lakini ameolewa na makopo.

Na kweli ilikuwa vurugu, au mimi niliona vurugu. Kuna makopo ya Africafe, kuna makopo ya Tanbond, kuna madumu ya oili ya lita tano yamekatwa ubavuni, yote yamejaa na hakuna hata moja lina neno. Mzee akitaka bolti anaenda moja kwa moja, mkono unazama, unatoka nayo. Mi nilidhani ni mazoea tu. Nikasema akirudi atakuta karakana kama zile za kwenye vitabu.

Siku mbili nzima. Nilimwaga kila kitu kwenye turubai, nikachukua spana zake moja moja, ambacho kinaingia kwenye spana namba 10 kinakaa na mwenzake, 12, 13, 14, 17, 19, nikachanganya Africafe na Tanbond na chochote kilichokuwepo, kopo ni kopo. Nikapika uji wa unga wa ngano mzito nikapaka, karatasi juu, soltepu juu ya karatasi isiingie oili. Herufi kubwa, zimenyooka, nimezipigia mstari kwa rula. NAMBA 13 ndo lilijaa kuliko yote mpaka likawa makopo matatu. Kuna kitu nilikiona na nikakipuuza, kwamba bolti nyingine humo spana inacheza kidogo, kama kiatu cha kaka mkubwa. Nikasema zimechakaa.

Jumatatu asubuhi mzee hajarudi. Kuna kijana alikuwa anamsaidia, tulimwita Deiwaka kwa sababu hakuwa na siku maalumu za kuja, akaja, akaona makopo, akapiga mluzi. Akasema dogo wewe ni injinia. Hilo neno lilinilewesha wiki nzima ijayo, au lingenilewesha kama siku isingeisha ilivyoisha. Maana saa nne akaja mwenye Pijo 504, ile ya kubeba abiria njia ya Korogwe, mzee alishamfungulia wota pampu ikabaki kurudishia tu, na mtu ana abiria kesho alfajiri. Deiwaka akasema hii naimaliza mimi. Bolti mbili za zamani zilikuwa zimekatika. Zinataka spana namba 13. Deiwaka hata hakutafuta, akageuka, akasoma, akachota.

Nilikuwa nimeshika tochi. Ya kwanza ikaingia vizuri. Ya pili ikaingia mizunguko miwili ikagoma. Deiwaka akaitazama, akatazama kopo, akaniambia "si 13 hii?" nikasema 13. Akachukua kipande cha bomba akakitia kwenye mkia wa spana ili apate nguvu. Kule inakofungwa ile pampu ni aluminiamu, bolti ni chuma. Ikazunguka, ikazunguka, ikalia kidogo kama mtu anatafuna mchanga, halafu spana ikawa laini. Ile ya kukaza kitu na ghafla hakikazi tena. Aliyewahi kushika spana anajua ule ulaini, unausikia tumboni. Deiwaka akaitoa bolti, kwenye meno yake imeviringisha uzi mwembamba wa aluminiamu unang'aa. Hayo ndo yalikuwa meno ya tundu.

Hapa nitakimbia. Mzee karudi jioni, mwenye gari kafoka mpaka majirani wakatoka, mzee kaomba radhi yeye, hakunitaja wala hakumtaja Deiwaka, usiku ule ule katafuta keke na tepu, ile ya kukatia meno ya tundu, kwa fundi mwenzie, katoboa tundu kubwa zaidi kaweka meno mapya, kazi ya bure na bolti za bure, gari likaondoka saa sita usiku. Yule bwana hatukumwona tena. Na alikuwa mteja wa kila mwezi.

Mi nilikuwa nasubiri mkanda. Nilishajipanga, nimevaa kaptula mbili.

Hakuuvua. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga na dizeli kama kawaida yake, akaja uani na chemli, akatandika gunia, akayachukua yale makopo matatu ya NAMBA 13 akayamwaga lote kwa lote. Milio ya bolti usiku, mama akachungulia akarudi ndani bila neno. Kisha mzee akanyoosha mkono kwenye nguzo ya banda, pale kuna msumari, na kwenye msumari kulikuwa na waya wa kufungia nondo umepindwa duara, na kwenye waya nati mbili. Nilikuwa nimeziona maisha yangu yote. Nilidhani zimetundikwa tu zisipotee.

Akaketi kwenye kreti, mi kwenye gunia. Akachukua bolti ya kwanza, akaivisha nati moja akaipiga kwa kidole gumba. Nati ikakimbia yenyewe mpaka kichwani, zrrrr. Akasema, "Mfaransa." Akairusha kwenye kopo la Tanbond. Ya pili, nati ile ile, ikaingia mizunguko miwili ikasimama. Hakuisukuma hata kidogo, akaitoa kinyumenyume taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akaivisha nati ya pili. Zrrrr. "Mwingereza." Kopo la Africafe.

Zrrrr, Mfaransa. Zrrrr, Mfaransa. Imegoma, Mwingereza.

Ndo pale nikaanza kuelewa nimefanya nini, ingawa hesabu zenyewe nilizijua baadaye sana. Bolti ya milimita 8 ya Pijo na bolti ya Landrova ya 5 kwa 16, yaani sehemu tano za kumi na sita za inchi, ukiziweka pamoja ni mapacha. Moja ina unene wa milimita 8, nyingine 7.94. Vichwa vyao, mmoja milimita 13, mwingine nusu inchi, yaani 12.7, kwa hiyo spana namba 13 inawapokea wote wawili, huyu wa pili ndo ile inacheza kidogo. Tofauti iko kwenye meno. Mfaransa ndani ya inchi moja ana meno 20 na kitu, huyu Mwingereza wa Landrova ana 24. Na ili uchanganyikiwe zaidi Mjapani bolti hiyo hiyo ya milimita 8 anaiwekea kichwa cha 12, ndo maana za Toyota zilipona, ziliangukia kopo lingine.

Nikamuuliza, sauti ya mtu aliyevaa kaptula mbili, kwa nini Waingereza kwenye Africafe. Akajibu kama swali la ajabu kidogo. Kwamba makopo ya Africafe yalitoka ofisi ya shamba, kwa meneja, na shambani ndo kulikuwa na Landrova na matrekta ya Massey Ferguson. Tanbond zimetoka jikoni kwa mama, hapa mjini, na hapa mjini ni Pijo na Datsun. Madumu ya oili ni vitu alivyonunua vipya. Sasa ugumu uko wapi?

Kumbe yale makopo yalikuwa yameandikwa muda wote.

Tukaendelea. Akanipa nati moja akabaki na moja, tukawa tunapokezana, inayogoma kwangu nampa, inayogoma kwake ananipa. "Usilazimishe," hilo alilisema mara nyingi, "ikigoma itoe." Katikati hivi mafuta ya chemli yakaisha. Nilidhani tutalala. Mzee hakusimama. Nikasikia tu gizani, zrrrr, na bolti inagonga bati, na kwa sauti ya bati nikajua imeenda kwenye Africafe. Nami nikaendelea. Na gizani nilikuwa mwepesi zaidi, siwezi kueleza, kidole kinaisikia ile nati inavyoanza kusita kabla haijagoma. Mbu wanatula, harufu ya dizeli na sabuni, tunatupa bolti bila kuonana. Ni kama saa nzima hivi ambayo hatukusema kitu zaidi ya Mwingereza na Mfaransa, halafu hata hayo tukayaacha.

Zilipoisha akasimama, magoti yakalia, akasema:

"Lakini maandishi yako mazuri."

Akaingia ndani.

Miaka thelathini na ushee sijui alinisifia au alinisema. Mzee wangu alikuwa na sauti moja kwa mambo yote. Na karatasi hakuzibandua, zikabaki vilevile kwenye makopo zikisema uongo kwa herufi nzuri, NAMBA 17 ina washa, NAMBA 10 ina misumari, yeye anazama mkono bila kusoma, Deiwaka anacheka kila akipita.

Mzee kafariki 2011. Baada ya arobaini tukakaa ndugu wote uani, makopo arobaini na kitu, madumu sijui mangapi, na hakuna hata mmoja wetu, hata mimi wa usiku ule, aliyeweza kusema nini kiko wapi isipokuwa hizo bolti za namba 13. Mengine yote alikuwa nayo kichwani. Akaja kijana wa skrepa na mzani wa kutundika. Pima, mwaga. Pima, mwaga. Bolti za mtu aliyezijua moja moja, kwa kilo, bei moja na mabati. Hapo ndo huwa nashindwa kujua nisimame wapi, maana lebo zangu zilikuwa za kijinga, sawa, lakini zile zake tulizipima kwenye mzani. Nikachomoa kopo moja, na nikaenda kwenye nguzo kuchukua ule waya.

Haya nimemsimulia binti, kwa kifupi kuliko hapa, maana katikati alikuwa ameshamwaga kopo sakafuni. Akauliza nati ziko wapi. Nikamwonyesha kwenye funguo zangu za stoo. Iko moja. Waya ulikatika siku ile ile ya skrepa, ya Mfaransa sikuipata tena, nilipekua ule mchanga wa uani mpaka kijana akaniuliza mzee umepoteza pete?

Akaanza. Kidole chake kidogo lakini anajua kupiga, sijui karithi wapi. Zrrrr, kindoo cha kulia. Imegoma, akataka kusukuma, nikamwambia usilazimishe, akaitoa, kindoo cha kushoto. Kama robo saa hivi. Cha kulia akaniuliza nikasema andika MWINGEREZA, akanitazama, akaandika. Cha kushoto nikaanza kusema Mfaransa nikasita, maana bila ile nati nyingine huwezi kujua ni Mfaransa kweli au ni mtu baki tu aliyeingia humo miaka hiyo.

"Baba, hiki je?"

Nikasema sijui. Akafikiri kidogo, akaandika mwenyewe, trrr, akabandika, akaipiga kofi. Kiko pale shelfu ya juu sasa hivi, kimenyooka kabisa na wenzake.

ZINAZOGOMA.