Gari la wagonjwa ni Noah ya jirani

Sisi tuliozoea huko ughaibuni kubonyeza tarakimu tatu na kusikia king'ora mtaani, tukifika kijijini tunauliza kwanza: ambulensi ya hapa inakaa wapi? Watu wanacheka, na wana haki. Kitanda cha kamba mnakikumbuka, wanaume wanne wakipokezana mabegani hadi barabara kuu. Nilidhani nitakuta ama kitanda kile kile, ama gari jeupe lenye taa. Nilichokuta ni 115.

Hiyo ni namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura hapa Tanzania kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Simu ni bure. Inapokelewa kwenye kituo cha uratibu cha mkoa, mtu wa afya anauliza dalili za hatari, kisha anatafuta gari lililo karibu. Ambulensi ikiwa mbali au iko gereji, anaamshwa dereva jamii, yaani jirani mwenye Noah au Probox aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Familia haimlipi. Pesa yake inaingia kwenye simu mgonjwa akishafikishwa na mapokezi yakathibitisha.

Kinachochelewesha mara nyingi ni maelezo. Vijiji vinavyoitwa Majengo havina idadi nchi hii. Taja wilaya, kata, kijiji, kitongoji, halafu ndiyo useme mbuyu au msikiti. “Kwa mzee fulani” haimfai aliyekaa makao makuu ya mkoa. Na simu iliyopiga iachwe wazi, isianze kuwatangazia ndugu wa Ulaya habari.

Lakini lililonitikisa zaidi ni mlango wa zahanati. Unafika saa nne asubuhi, umefungwa. Tuliorudi hapo ndipo tunapotoa simu, tunapiga picha, tunaandika “nchi hii bwana”. Hebu tuhesabu kwanza kilichotokea usiku.

Mama amejifungua salama, damu haikatiki. Nusu lita tayari ni hatari. Huko Kigoma, kwenye utafiti uliochapishwa 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kupima kwa kanga: zikilowa mbili, umefika hapo. Mara nyingi chanzo ni mji wa mimba uliolegea. Muuguzi anausugua kwa mkono juu ya tumbo hadi ukaze, anachoma oksitosini, dawa ya kuukaza, uniti 10, anaweka dripu, anatoa mkojo kwa mpira maana kibofu kilichojaa kinazuia mji kukaza. Anakagua kama kondo limetoka lote, anaangalia kama mama amechanika. Asidi ya traneksami, dawa ya kusaidia kuzuia damu, gramu 1, ikiwepo, inapita mshipani taratibu kwa dakika 10, na isivuke saa 3 tangu mama ajifungue. Kazi hizi ughaibuni zina watu kadhaa. Hapa yuko yeye, na tochi ya simu ameishikishwa mama mkwe.

Oksitosini nayo ina kisa chake. Inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili, dawa inabaki safi machoni na nguvu yake inapungua, kwa hiyo anachoma na damu inaendelea. Ndiyo maana muuguzi makini anaandika joto la friji asubuhi na jioni, na anaweka misoprosto kabatini, dawa ya kazi hiyo hiyo: vidonge 4 vya mikrogramu 200 chini ya ulimi, havihitaji baridi.

Kifafa cha mimba ni jambo jingine. Familia inasema pepo, muuguzi anachoma sindano mbili za magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 kila tako, pamoja na ganzi kidogo kwa sababu inauma vibaya. Anamlaza mama ubavu wa kushoto, na kwenye karatasi ya rufaa anaandika saa aliyochoma sindano ili wa mbele wasirudie dozi.

Noah ikifika, muuguzi anapanda na mama. Hawezi kumwachia dereva. Damu ikiwa bado inakuja, ngumi yake moja iko ndani ya uke na kiganja kingine juu ya tumbo, mji umebanwa katikati, na mkono hautoki barabara nzima ya mashimo. Zamu alikuwa peke yake, kwa hiyo zahanati imefungwa. Atarudi kwa usafiri wa kubahatisha.

Ukiukuta mlango huo, usipige picha. Uliza wameelekea hospitali gani, kisha nenda na watu wawili wa kuchangia damu: miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, wawe wamekula. Mwanaume awe amepitisha miezi 3 tangu achangie, mwanamke miezi 4. Hospitali ya wilaya ina friji ya damu, ila mara nyingi kundi linalotakiwa ndilo limeisha. Na ukimkuta sista nje ya wodi kakaa kwenye benchi, mnunulie chai, umrudishe zahanati kwa gari lako ulilokodi uwanja wa ndege.