Kurudia pwani iliyokwisha pitiwa na detekta

Kwanza tuokoe nauli ya mtu. Unguja na Pemba hakuna vipande vya dhahabu vya asili. Visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe, mchanga na udongo uliolala juu yake. Dhahabu ya kuchimbwa iko bara, Geita na Chunya, kwenye miamba ya kale sana. Dhahabu ya kutafutwa hapa ni ile iliyokwisha kuwa pete, kipuli, kidani au mkufu, ikamtoka mwenyewe akiwa baharini. Ufundi wa kuitafuta ni ule ule wa bara, na ugumu wake ni ule ule: kurudi pahala ambapo detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya madini yaliyofukiwa, imeshapita, na kupata kilichobaki.

Kubaki, kinabaki. Kingower, Australia, watu walichimba dhahabu tangu karne ya 19, na bado mwaka 1980 detekta iliibua hapo kipande kimoja cha zaidi ya kilo 27, tena hakikuwa chini sana.

Lakini anayerudi na koili ile ile (ile sahani ya chini ya mashine inayopitishwa juu ya mchanga), mpangilio ule ule na njia ile ile, atarudi mikono mitupu. Kabla hujatoka jiulize nini kimebadilika tangu safari iliyopita: mchanga umehama, au koili ni nyengine, au mashine umeipanga vyengine, au utapita kwa upande mwengine. Kama hakuna hata kimoja, subiri.

La mchanga ndilo kubwa kuliko yote. Upepo ukigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi, mawimbi hubadilisha upande wa kupigia na mchanga huhama. Pwani moja hupungua na ya jirani hupanda. Usiamini macho, pima. Chagua kitu kisichohama, kama ngazi ya ukuta au nguzo ya zege, tia alama, na kila bamvua, yaani yale maji makubwa, upime kutoka alama hadi mchangani. Mchanga ukishuka sentimita 30, ile pete iliyokuwa sentimita 45 chini sasa iko 15, na mashine yoyote nzuri itaiona. Mchanga ukiwa umepanda, usijichoshe. Dalili nyengine ni ukingo uliokatwa wima na mawimbi kama ngazi: anza chini yake, si juu.

Halafu tafuta chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mishipi na nyavu. Risasi ina uzito wa mara 11 ya maji, pete ya karati 18 kama mara 15, na mchanga wa matumbawe haufiki mara 3. Wimbi likiutikisa mchanga, vizito vyote huzama pamoja mpaka vikakutana na tabaka gumu la mawe au makombe. Ukipata chubwi mbili tatu za wavuvi kwenye mraba mmoja, na sarafu iliyoliwa na chumvi, umefika kwenye tabaka lenyewe. Hapo punguza mwendo, hata kama saa nzima itakwisha kwenye mita 5. Ukipata vifuniko vipya vya soda vinavyong'aa, huo ni mchanga wa juzi, endelea mbele.

Wapi hasa? Pwani za mashariki, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa hukimbilia mbali sana, na watu huoga yakijaa. Kwa hiyo pete haiko kule mbali kwenye mwamba. Iko kwenye utepe wa juu, pale ambapo maji yaliyojaa humfika mwogaji kiunoni hadi kifuani. Maji hupoza kidole kikasinyaa, mafuta ya jua hukilainisha, pete ikatoka. Nenda maji yakijaa uwaangalie wanaposimama, chukua shabaha mbili za nchi kavu, mnazi na pembe ya ukuta kwa mfano, kisha urudi yakipwa. Kendwa na Nungwi watu huoga karibu saa zote, kwa hiyo utepe ni mpana na kazi ni ndefu zaidi.

Siku nzuri ni za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili zinazofuata. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakichelewa kama dakika 50 kila siku. Toka saa moja na nusu kabla, yafuate maji yanapoteremka, na yakigeuka nawe geuka. Maji mafu, yale madogo ya baina ya bamvua mbili, hayafai kwa kazi hii.

Sasa mashine. Mchanga wetu mweupe hauna chuma kingi, kwa hiyo ile tabu ya udongo mwekundu wa bara, unaopiga kelele wenyewe, hapa haipo. Tabu yetu ni chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme, na detekta huyasikia katika kiwango kile kile inachosikia dhahabu nyembamba. Mashine ya masafa mamoja, inayotuma mawimbi ya aina moja tu, ukiinyamazisha kwa chumvi, umenyamazisha na vipuli. Ya masafa mengi kwa pamoja hutenganisha vizuri zaidi. Ile ya mapigo, inayotuma umeme kwa kupigapiga, hushuka chini kuliko zote na chumvi haiisumbui sana, lakini haibagui chuma, yaani haikwambii kipi chuma na kipi dhahabu. Kwenye mchanga safi ni hazina, kwenye misumari ni adhabu. Yoyote uliyonayo, isawazishe kwenye mchanga wenyewe kwa kuipandisha na kuishusha koili mpaka inyamaze, na ufanye hivyo upya kila unapotoka mchanga mkavu kuingia uliorowa. Kelele ikibaki, punguza unyeti, yaani ukali wa kusikia, kidogo kidogo. Unyeti wa chini kwenye mashine iliyotulia hufika mbali kuliko wa juu kwenye mashine inayopayuka.

Kosa linaloacha dhahabu nyingi kuliko yote ni kubagua kupita kiasi. Mtu amechoka na zile karatasi za kung'aa za pakiti za sigara na vishikio vya makopo, akavizima, yaani akaipanga mashine isivilie. Pete nyingi za dhahabu husomeka hapo hapo, baina ya karatasi na kishikio, na umezizima nazo. Kwa pwani inayorudiwa, zima chuma tu, na chimba kila sauti iliyobaki. Ni uchafu mwingi, ndiyo, lakini kila uchafu unaoutoa humfungulia njia anayepita nyuma, na huyo mara nyingi ni wewe. Ukitaka kuijua mashine yako, fukia pete yako mwenyewe, imefungwa kamba, kwenye sentimita 5, 10, 15 na 20 za mchanga uliorowa, na usikilize inavyofifia. Fanya hivyo na mkufu pia. Mkufu mwembamba hulia kidogo kuliko uzito wake, kwa sababu mashine husikia kila pingili peke yake. Pete iliyokatika hali kadhalika.

Nungwi ni mlango wa peke yake. Panapoundwa majahazi, mchanga una misumari ya miaka na miaka, na msumari mmoja juu ya pete hutosha kuificha. Hapo vua koili ya sentimita 28 na utie ya 15. Utapoteza kina, lakini utapenya kati ya misumari miwili. Pita mara ya kwanza sambamba na bahari, mara ya pili kutoka bahari kwenda nchi kavu. Msumari uliolala hulia upande mmoja na kukatikakatika upande mwengine. Kitu cha mviringo hulia sawa pande zote mbili. Sauti inayosikika upande mmoja tu, nayo ichimbe, huenda ni pete iliyofichwa na msumari.

Mapito yenyewe: tandaza kamba, mraba wa mita 10 kwa 10 unatosha bamvua moja. Koili iwe sentimita 1 au 2 juu ya mchanga mpaka mwisho wa mkono, usiinyanyue kwenye kona kama anayefagia uwanja. Kila pito lifunike nusu ya lililotangulia. Simu iwekwe hali ya ndegeni, na mwenzako mwenye detekta akae mita 10 au zaidi.

Ukichimba, tia sepeto kiasi cha shibri moja kutoka katikati ya sauti ili usikwaruze kitu. Kikitoka, rudisha koili shimoni. Wengi hupata kopo, wakafukia na kuondoka, na pete iko chini ya kopo. Shimo lifukiwe hapo hapo, watoto hukimbia pwani na baiskeli hupita.

Mashamba ya mwani yapite kwa mbali. Kamba na vigingi vile ni chakula cha mtu. Mwambie sheha, na mbele ya hoteli mwambie msimamizi. Magofu na makaburi usiyaguse kabisa: Unguja Ukuu, Tumbatu, Ras Mkumbuu, Mtambwe Mkuu. Mtambwe mwaka 1984 zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha na chache za dhahabu, na faida yake ilikuja kwa sababu wataalamu walizitoa tabaka kwa tabaka. Ukiona pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar wa zamani, ya mwaka 1299 wa Hijria karibu na magofu, iache na utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale.

Mashine ioshwe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na kifuniko cha chini ya koili kivuliwe. Mchanga wenye chumvi ukibaki humo, safari ijayo utasikia sauti zisizokuwepo.

Na pete iliyopatikana ina mwenyewe. Kiokotwa cha thamani hutangazwa mwaka mzima. Andika siku, pahala na kina, waarifu sheha na hoteli za karibu, na tangazo liseme "pete" tu. Mwenyewe akija ataje uzito, jiwe, na kilichoandikwa upande wa ndani. Pete za ndoa nyingi zina jina au tarehe hapo, na picha ya upande huo usimwonyeshe mtu.