Alamu ya kufunga mwenyewe na bima ya nyumba

Jamani mlioko Uingereza, hii iwafikie. Shemeji kanifungia alamu ya nyumba, ile ya kununua kwenye boksi: sensa ya mlango, nyingine ya sebuleni, gundi, programu kwenye simu, kwisha kazi. Inalia hiyo, hadi paka wa jirani hakanyagi tena kwangu.

Nikapiga simu kampuni ya bima nikitarajia punguzo. Dada akaniuliza kwa upole: “Imefungwa na kampuni iliyoidhinishwa na NSI au SSAIB?” (Hizo ni taasisi zinazokagua na kuidhinisha kampuni za kufunga alamu.) Hapana. Basi, punguzo hakuna.

Lililonishtua ni la pili. Ukijaza kwenye fomu kwamba una alamu, baadhi ya mikataba inakutaka uiwashe kila unapotoka na uifanyie matengenezo. Wezi wakiingia siku umesahau, fidia inaweza kukataliwa. Yaani kifaa cha hela yako mwenyewe kinageuka sharti! Na polisi nao hawaiitikii alamu moja kwa moja bila namba yao ya usajili, ambayo hupewi kwa hizi za boksi.

Nimeiacha ukutani, iwakere wezi. Kwenye fomu nimeandika vilevile ilivyo: ni ya boksi, kaifunga shemeji, si kampuni. Ada haijapungua hata senti.